Nozeli Utaipata Wapi?

Katubuka injini hushushwa na mwembe. Kwetu Dar es Salaam gereji yenye heshima zake ina winchi ya magurudumu, na ile isiyo nazo ina mabomba matatu ya chuma yaliyofungwa pamoja kileleni. Huku mnyororo umetupwa juu ya tawi nene, gome limechubuka hadi limekuwa laini kama mpini wa jembe, na chini yake udongo umekunywa oili miaka mingi, ukawa mweusi na mgumu kama sakafu ya saruji. Nilimuuliza fundi mwembe ule una umri gani. Akanijibu kwa hesabu ya kazi yake. "Tangu nianze mimi, dada, zimeshuka injini kama mia hivi. Na bado unazaa."

Nilikuwa nimekuja harusini. Treni ilinishusha Kigoma nikiwa na vumbi la Tabora masikioni. Wenyeji huuita mji wao mwisho wa reli, na reli yenyewe ilifika hapa mwaka 1914, kilomita zaidi ya 1,250 kutoka kwetu ilikoanzia. Ukikaa siku mbili tatu unaanza kulisikia jina hilo kwa namna nyingine. Kitu kikishafika hapa hakina pa kuendelea, na kukirudisha ni gharama, basi kinabaki. Na kikibaki, lazima apatikane mtu wa kukitengeneza. Niliona cherehani za miguu, redio zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli, baiskeli zenyewe za Phoenix zisizo na rangi, na siku ya pili baada ya harusi nikaliona gari la Kimarekani likingoja kubadilishiwa moyo.

Katubuka ni kata ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, jirani na uwanja wa ndege. Nyumba nyingi ni za tofali za kuchoma, mabati yake yameshika kutu ya rangi ya mawese. Lipo bwawa pia, ambalo mwaka wa mvua kubwa hutoka mahali pake likaingia sebuleni mwa watu, na pengine ndiyo sababu huku gari husifiwa kwa urefu wa miguu kabla ya kitu kingine. Asubuhi ile bibi mmoja aliyekuwa akianua nguo aliniambia "mwakeye", nami kwa kutojua jibu lake nikampa shikamoo. Akacheka, akaipokea, akanielekeza kwa kidevu: "Wanaume wako kule nyuma, wanabishana."

Walikuwa wanabishana kweli. Mwenye gari ni babu mdogo wa bwana harusi, mzee wa Kimanyema aliyebeba mawese kwa gari hilo kutoka vijijini hadi Ujiji kwa miaka mingi. Gari ni Jeep, CJ-7, aina ambayo kiwanda kilianza kuiunda 1976 na kuiacha 1986. Uso wake una matundu saba na taa mbili za mviringo, kama mtu aliyeshtuka. Usukani uko kushoto, kwa kuwa liliingia likitokea Burundi, na Burundi huendesha kulia. Mzee anasema miaka yote hiyo hajawahi kuovateki lori bila abiria wa kumchungulilia barabara. Abiria huyo alikuwa mkewe, na alipofariki, mzee akaacha kuovateki.

Injini iliyokuwamo ni ya petroli, silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 4.2. Wamarekani huiita 258, wakihesabu inchi za ujazo. Ni chuma tupu, nzito, haina makuu. Ilinoki mwaka juzi. Beringi za krankshafti zilitafutwa hapa, zikatafutwa Bujumbura, kijana mmoja akatumwa hadi Dar, akarudi na beringi za gari lingine na maelezo marefu.

Kabla sijafika kwenye ubishi wenyewe, niseme habari ya spana, maana ndiyo iliyonifungua macho. Boliti za gari lile ni za inchi. Mafundi wa Katubuka, kama wa Dar, wana spana za milimita, kwa sababu ulimwengu wao ni wa Kijapani. Boliti ya nusu inchi ina milimita 12.7, nawe una spana ya 13. Inaingia. Unadhani imeshika. Ukiweka nguvu inateleza upana wa unywele na kulamba kona za boliti, na ukirudia mara tatu unabaki na kichwa cha mviringo kisichoshikika na chochote isipokuwa patasi. Nilizitazama boliti za gari lile moja moja: karibu nusu yake zilikuwa na vichwa vya mviringo. Ilikuwa kama kusoma daftari la kila fundi aliyewahi kulifungua. Mzee ana spana moja tu ya nusu inchi, iliyokuja na gari, nayo huning'inia ndani juu ya mlango wa chumba chake kwa uzi mwekundu. Mwanafunzi wa gereji haruhusiwi kuigusa. Ikihitajika mzee huinuka, huingia ndani, huileta mwenyewe, na husimama pale pale mpaka irudishwe mkononi mwake.

Sasa ubishi. Kijana wa ukoo huo aliyekulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na ambaye yu miongoni mwa Wakongo wengi waliohamishiwa Marekani, anaishi Ohio. Mzee hapendi lolote kama kusimulia kwamba Jeep lile liliundwa Toledo, huko huko Ohio. "Gari limetoka kwao likaja kwetu, mtoto katoka kwetu akaenda kwao," aliniambia. "Tumebadilishana." Kijana alikuwa ametuma ujumbe wa sauti, na simu ikazungushwa mkono kwa mkono kama sahani ya kashata. Alisema huko aliko jambo hili halina mjadala: gari kuukuu la Kimarekani linafungwa V8 ya Chevrolet. Ukoo wa injini hiyo ulianza 1955, ile ya lita 5.7 imejaa kila mahali, kila duka lina vipuri vyake, na mtu huifunga mwenyewe nyuma ya nyumba kwa wikiendi mbili. Kisha akataja idadi ya farasi. Vijana wakapiga mluzi.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, akarudisha simu. "Kasema kweli," akasema. "Huko kila duka lina vipuri vyake. Mwambieni atume na duka."

Fundi mmoja, mrefu, mwenye ovaroli iliyokatwa mikono, alitaka 1HZ, injini ya Land Cruiser ile tunayoiita Mkonga. Hoja yake ilikuwa na uzuri wake, na nakiri mimi ilinivuta. Nayo ni silinda sita kwenye mstari, nayo ni lita 4.2, basi urefu wa boneti unatosha, na gari halitajua kwamba limebadilishiwa mtu. Ni dizeli ya pampu, haina kompyuta. Tena Kigoma imejaa Mkonga. Wa pili, fundi aliyevuka ziwa kutoka Kalemie, ambaye kwake injini ni "motere" na gia ni "vitesi", alishikilia TD27 ya Nissan, kwa kuwa taiming yake inakwenda kwa gia za chuma. "Haina mukanda wa kukatika," akasema, na kila alipoona hoja yake inazama aliirudia, sauti ikipanda.

Hapo ndipo nilipouona utaratibu ambao Dar sijapata kuuona. Mzee alimwita mjukuu wake wa darasa la tano. Mtoto akaja na daftari la hesabu. Kumbe Jumamosi iliyopita alikuwa ameketishwa chini ya mti kando ya barabara tangu asubuhi hadi adhuhuri, kazi yake kuandika kila gari la dizeli linalopita na aina ya injini yake. Fundi mrefu alimpa somo la kuzitambua kwa mngurumo. Ukurasa ulikuwa umepigwa vijiti kwa penseli. Hiace na Hilux zenye injini za ukoo wa L wa Toyota, yaani 2L, 3L na 5L: vijiti kumi na tisa. Mkonga saba. Nissan nne, na moja kati yake ilikuwa inavutwa.

"Mkonga saba si haba," akasema fundi mrefu.

"Za nani?" mzee akauliza. Mtoto akasoma: zote saba zilikuwa na nembo za mashirika mlangoni. Mzee akazikata kwa kidole hewani. Alieleza, bila chuki, kwamba gari la shirika si jirani. Vipuri vyake vinaletwa kwa zabuni na kufungiwa stoo, fundi wake ana kitambulisho shingoni, na shirika likiondoka huondoka na injini zake. Kambi ya wakimbizi ya Mtendeli kule Kakonko ilifungwa 2021. "Yale magari mliyokuwa mnayaona Kibondo yako wapi leo?" Hakuna aliyejibu. Hilux ya mchuuzi wa dagaa, akasema, ikifa inafia hapa hapa. Inafunguliwa hapa, nozeli zake zinaingia gari hili, stata inaingia lile, bloku inakaa nyuma ya nyumba ya mtu unayemfahamu jina.

Akaandika kwa mkaa juu ya ubao: 3L.

Hapa lazima niseme habari zangu, ingawa hazinipi sifa. Miaka michache iliyopita nilibadilisha injini ya Surf yangu. Nilifanya kama tunavyofanya Dar: nilikwenda mitaa ya Gerezani, ambako injini za mitumba zimepangwa kama mafenesi, bado zina matope ya nchi nyingine, nikazunguka duka hadi duka. Katika duka moja waliniwashia injini ikiwa juu ya stendi. Ikanguruma vizuri. Nikaipenda kwa sauti. Ilikuwa 1KZ yenye pampu ya umeme, na iliuzwa bila kompyuta yake wala nyaya. Mimi sikujua kuuliza, wao hawakujua kuniambia, au walijua. Gari lilikaa gereji miezi minne. Katika kuzunguka kote kule nilikuwa nimeuliza bei, nguvu, na kama imetoka Japani moja kwa moja au imepitia Dubai. Kwamba siku ikiharibika ataifungua nani, na huyo mtu ana vifaa gani, halikunipitia akilini. Dar kubwa, ukidhani kila kitu kipo, huhitaji kumtuma mtoto na daftari.

3L ni silinda nne, lita 2.8, farasi tisini hivi. Ukiiweka mahali palipokaa silinda sita inaonekana kama mtoto aliyelala kwenye kitanda cha baba yake. Fundi mrefu alikubali kushindwa kwa uungwana, lakini akadai jambo moja lipimwe kwanza, na kipimo chenyewe kilinifurahisha hata nikakiandika. Alipandisha gurudumu moja la nyuma kwa jeki, jingine akaliacha chini, akapiga alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Akalizungusha gurudumu taratibu mizunguko miwili kamili huku mwanafunzi amelala chini akihesabu propela kwa sauti. Mara tatu, na theluthi hivi. "Umeona?" akaniambia. "Hilux inazunguka zaidi ya nne. Difu hii imekatwa kwa barabara ndefu za kwao, injini kubwa inatembea inapumzika. 3L hapa itapanda mlima kwa gia ya kwanza ikiomba dua."

Mzee akasema yeye hana haraka. Tena akataka gia boksi ya Hilux ije pamoja na injini yake, isichanganywe na ya zamani kwa sahani ya kuchongesha. Fundi akaingia uvunguni kutazama, akatoka anacheka: difu ya mbele ya Jeep imekaa kulia, na ya Hilux nayo kulia, kwa hiyo propela ya mbele itashuka upande ule ule. Toledo na Wajapani walikuwa wamekubaliana jambo moja bila kujua.

Vitu vingine vilipita haraka, kila kimoja kikimalizwa kwa sentensi mbili. Tangi litatobolewa njia ya pili, maana dizeli inayobaki kwenye nozeli lazima irudi. Namba ya injini kwenye kadi ya gari itabadilishwa TRA. Breki ndizo zilizochukua muda. Injini ya petroli hufyonza hewa kupitia kabureta, na mvuto huo ndio unaolisaidia buli la breki. Dizeli haina kizuizi cha hewa, hivyo haina mvuto wa kugawa. Fundi wa Kalemie alinionyesha altaneta ya 3L: mgongoni imebeba kitumbo cha chuma, pampu ndogo ya kufyonza, na mpira wa kutoka hapo ndio utakaokwenda kwenye breki. Mara nyingi, alisema, watu hununua altaneta ya bei rahisi isiyo na kitumbo. Gari linawaka, linakwenda vizuri, na siku ya kwanza kwenye mteremko ndipo wanajua.

Siku iliyofuata mzee alinipeleka bandarini kuitazama Liemba. Nadhani aliona bado namsikitikia ile 258. Meli ilikuwa imefungwa kamba, haisafiri. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikajaza masanduku kwa maelfu, ikaja kwa reli ile ile iliyonileta mimi, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao ili adui asiitwae, lakini mafundi waliokuja nayo kutoka kwao walizipaka injini grisi nzito kwanza. Ililala chini ya ziwa miaka kadhaa. Waingereza walipoinyanyua 1924 wakaikuta mitambo bado inafaa. 1927 ikarudi kazini, ikaitwa Liemba, ikienda kwa mvuke ule ule wa Kijerumani. Mvuke ulitolewa miaka ya 1970, zikafungwa injini za dizeli.

"Mvuke ulikuwa mzima," mzee akasema. "Ila haukuwa na jirani." Alikuwa akinyoosha kidole upande wa Kibirizi, kwenye maboti ya mbao yanayokwenda Kongo na mitumbwi yenye mashine za Yamaha mkiani, ambazo zote, alisema, ukitaka plagi ya moja unaazima kwa nyingine ukiwa katikati ya maji.

Nilikuwa na tiketi ya kurudi Ijumaa. Alhamisi jioni 3L ilikuwa inaning'inia mwembeni, mnyororo ukilia, fundi mrefu kaishika kwa ubavu kama mtu anayemshusha mgonjwa. "Lete... lete... simama." Ilipungua vidole viwili kufika mahali pa kukalia. Wakaipandisha tena, wakapima kwa kamba, wakaenda kutafuta mtu wa kuchomelea. Kijana wa Ohio alipiga simu ya video, akaionyesha V8 ya rafiki yake ikiwaka huko. Nasi tukamgeuzia simu aone injini yetu juu ya mti. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Babu, ile ya zamani mtaiuza chuma chakavu?"

Mzee hakumjibu. Ile 258 ilikuwa kando ya ukuta, juu ya vipande viwili vya reli ya zamani. Alikuwa amekwisha kuziba matundu yake yote kwa vitambaa, na sasa alikuwa anachota grisi kutoka kwenye kopo kwa vidole vinne, akiipaka bloku kuanzia juu kwenda chini, bila kuruka mahali, hadi kwenye mifereji kati ya silinda na silinda. Mjukuu alishika gunia. Walipoivika la kwanza na la pili, mzee akaingia ndani. Alirudi na spana ya nusu inchi, uzi mwekundu bado unaning'inia. Akaipaka grisi nayo, akaitia ndani ya gunia ubavuni mwa injini, akafunga mdomo kwa waya.